Kakao, Nazi, na Kosa la Mtoto wa Kyela

Liko neno moja la lawama litolewalo upesi mno katika madarasa ya Kiingereza, nalo ni "uvivu". Mwanafunzi aombaye kalamu kwa kusema "borrow me" badala ya "lend me" huitwa mvivu. Atamkaye "sheep" mahali pa "ship" huitwa mvivu. Aandikaye "principal" palipotakiwa "principle" naye huitwa mvivu. Kisha wote watatu hupewa dawa moja: orodha ya maneno yafananayo, jozi baada ya jozi, ikaririwe usiku na kusemwa kwa ghibu asubuhi. Tabibu awapaye kidonge kimoja mgonjwa wa homa, mgonjwa wa jicho na mtu aliyevunjika mguu hangeaminiwa na yeyote. Mwalimu wa orodha huaminiwa. Na wanafunzi wasipopona, lawama huwaangukia wao na lugha za mama zao.

Watetezi wa orodha wana madai mawili. La kwanza, kwamba kuchanganya maneno ni dalili ya akili nzito. La pili, kwamba Kinyakyusa na Kiswahili ni magugu yasongayo Kiingereza, nayo hayana budi kung'olewa mlangoni mwa darasa. Madai yote mawili ni batili, na pwani ya kaskazini ya Ziwa Nyasa yatosha kuwa shahidi.

Na yatangulie makosa ya sikio. Kiswahili kina irabu tano. Kinyakyusa kina saba, tena chatofautisha irabu fupi na irabu ndefu. Jambo hili laelezwa wazi katika kitabu cha Bastian Persohn juu ya kitenzi cha Kinyakyusa, kilichotoka mwaka 2017. Mahali ambapo Kiswahili kina "i" moja, Kinyakyusa kina mbili. Na mahali penye "u" moja, ziko mbili vilevile. Ndiko hasa iliko tofauti ya "ship" na "sheep", na ya "full" na "fool". Sauti za lugha hizi mbili hazilingani kwa kila hali, lakini mtoto wa Matema au wa Ipinda aliyelelewa kwa Kinyakyusa amezoea tangu mapajani mwa mama yake kusikia tofauti za namna hiyo. Aingiapo shuleni hufundishwa kusoma kwa herufi tano za irabu, akaambiwa aache lugha ya nyumbani nje. Kisha hukaripiwa kwa kutosikia tofauti ambayo sikio lake lilikuwa nayo. Amenyang'anywa jembe, naye alaumiwa kwa kutolima.

Yafuata makosa ya maana. "Borrow" na "lend" huchanganywa kwa sababu iliyo wazi: Kiswahili hutumia "kuazima" kwa atoaye na kwa apokeaye. Lakini Kiswahili hicho hicho kina dawa yake, maana husema "kukopa" na "kukopesha". Mkulima aliyekopa kabla ya mavuno hamchanganyi kamwe na yule aliyemkopesha. Mwalimu aanzaye hapo humaliza kazi kwa sentensi mbili; aanzaye kwenye orodha huirudia mwaka mzima.

Tena upungufu hauko upande mmoja. Kyela ni nchi ya mpunga. Mtoto wa huko ajua kwamba mpunga huvunwa, mchele hupimwa sokoni, na wali huliwa. Mwingereza ana neno moja, "rice", kwa yote matatu. Mgeni akisema amekula mchele shambani, watu hutabasamu na kumsahihisha; hakuna amwitaye mpumbavu, kwa kuwa yafahamika kwamba lugha yake imeyakata mambo kwa njia nyingine. Kwa nini mtoto wa Kyela anyimwe insafu hiyo?

Makosa ya tatu ni ya tahajia, na hapa Kiingereza chenyewe ndicho chenye deni. Kakao ni zao kubwa la Kyela. Jina hilo lilitoka katika lugha za Amerika ya Kati, likapita kwa Wahispania. Nazi, kwa upande wake, iliitwa "coco" na mabaharia wa Kireno na wa Kihispania. Waingereza waliyachanganya majina hayo. Katika kamusi ya Samuel Johnson, iliyotoka London mwaka 1755, habari za mnazi na za mkakao ziliwekwa chini ya neno moja. Na hata leo Waingereza huandika "cocoa", umbo lililozaliwa na mkanganyo huo. Kiswahili hakikukosea: nazi ni nazi, na kakao ni kakao. Mtoto wa mkulima wa kakao akikosa herufi za neno hilo, amekosa pale walipokosa wenye lugha.

Watetezi wa orodha hujibu kwamba darasa lina watoto wa makabila mengi, Wakisi na Wandali pamoja na Wanyakyusa. Kwamba mwalimu huenda ametoka mbali. Na kwamba muda ni mfupi. Maneno haya yana uzito, lakini yawapinga wao wenyewe. Mwalimu hana haja ya kukijua Kinyakyusa; yamtosha kuwauliza wanafunzi wanavyosikia kwao. Na muda ukiwa mfupi, ndiyo sababu usitumiwe kumpa kila mgonjwa kidonge kile kile.

Kwani hasara si ndogo. Mwanafunzi aliyemaliza shule ya msingi ya serikali kwa Kiswahili huingia kidato cha kwanza na kukuta hesabu na biolojia katika Kiingereza. Akichekwa mara tatu kwa neno moja, mara ya nne hafungui kinywa. Na lugha haijifunzwi kwa kinywa kilichofungwa. Hapo hapotei Kiingereza tu, hupotea na biolojia.

Basi makosa yatengwe kabla ya kutibiwa: ya sikio yapewe sikio, na lugha ya nyumbani iitwe kusaidia, ya maana yapewe sentensi na Kiswahili safi, ya tahajia peke yake ndiyo yapewe orodha, nayo iwe fupi. Na neno "uvivu" liwekewe akiba mwalimu asiyetaka kuuliza kosa limetoka wapi.