Baada ya Tezi Kuondolewa, Moyo Utazamwe



Chumvi ya Gongoni na Marereni, tuionayo huku kwetu ikianikwa juani, hupakiwa malorini na kufika hata milima ya Kisii na Nyamira. Huko juu mvua imeusafisha udongo kwa karne nyingi na kuupunguzia ayodini. Ndiyo sababu wazee wa nyanda za juu walilijua rovu vyema, na ndiyo sababu tangu 1978 sheria ya Kenya ikataka chumvi ya kuliwa itiwe ayodini. Hata hivyo uvimbe wa shingo haujatoweka. Mwingi si saratani. Mchache ni saratani, na wanawake hupatwa zaidi kuliko wanaume.

Saratani hii, ikiwahiwa, hutibika kwa wengi. Tezi huondolewa kwa upasuaji, na wengine hupewa baadaye ayodini yenye mnururisho, ambayo mgonjwa wa Nyamira huifuata Nairobi, safari ya takriban kilomita 300. Mama anyonyeshaye hana budi kuacha kunyonyesha wiki kadhaa kabla ya dawa hiyo, na mja mzito hapewi kabisa. Lakini jambo linalosahauliwa nyumbani, jeraha likishapona, ni moyo na mishipa ya damu.

Mtu asiye na tezi humeza kidonge cha levothairoksini kila siku ya maisha yake. Akipewa kichache, au akikiacha kwa kuambiwa na majirani kuwa amekwisha kupona, mafuta mabaya huzidi katika damu, mishipa hukakamaa na shinikizo la damu hupanda. Kikizidi, moyo huenda mbio, mikono hutetemeka, usingizi hupotea. Na kwa watu wazima mapigo huweza kuvurugika, damu ikaganda ndani ya moyo, na bonge likapanda hadi ubongoni likaleta kiharusi. Ugumu ni kwamba baadhi ya wagonjwa wa saratani hupewa kipimo cha juu kwa makusudi, ili kuzima homoni ya ubongo inayoweza kuziamsha chembe zilizosalia. Kwa hiyo mama mwenye moyo unaodunda asikatize dawa kwa shauri lake mwenyewe, wala asivumilie kimya. Amwendee daktari, apimwe damu na mapigo, naye ndiye atakayepunguza au kuacha kama kilivyo.

Kwa saratani iliyokwisha kuenea ziko dawa nyingine, kama lenvatinib na sorafenib. Hizi huziba njia ya mishipa mipya inayoulisha uvimbe, na kwa sababu hiyohiyo hupandisha shinikizo la damu, mara nyingine katika wiki za mwanzo tu. Hapa hakuna haja ya kupanda basi la Nairobi: zahanati ya jirani ina kipimo cha mkono. Twaona ni wajibu wa mume, kaka au mtoto mkubwa kuandika namba hizo daftarini na kumpelekea daktari.

Dada zetu huuliza sana kuhusu Ramadhani. Kidonge hiki hutaka tumbo tupu. Wapo wanaokimeza nusu saa hadi saa nzima kabla ya kula daku, na wapo wanaokimeza wakati wa kulala, saa tatu au zaidi baada ya chakula cha mwisho. Njia zote mbili zafaa, maadamu mtu amekubaliana na daktari wake na kushikamana na moja. Vidonge vya chokaa, ambavyo wengi hupewa baada ya upasuaji, na vile vya kuongeza damu, vikae mbali nacho kwa saa nne. Chai ya maziwa ya Nyamira nayo isubiri, ingawa twajua si kazi ndogo kuiambia nyumba ya Kisii isubiri chai! Na aliye dhaifu, Surat al-Baqarah imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Ruhusa hiyo ni yake, wala asionewe haya kuitumia.

Anayehisi ganzi midomoni au vidole vikikakamaa baada ya upasuaji apelekwe hospitalini siku hiyohiyo, kwa kuwa chokaa ya damu imeshuka, na chokaa ikishuka mno huvuruga mapigo ya moyo.