"Kwani We Ni wa Stesheni Gani?"

Wasee, majuzi niliingia ofisi moja ya umma hapa Kitale, simu mkononi, kuuliza tu mradi wa mtaa wetu utaisha lini. Badala ya jibu nikarushiwa swali: "Kwani we ni wa stesheni gani?" Sikuwa na la kusema. Nikaonyeshwa mlango.

Hilo swali limenikalia kichwani kwa matatu mpaka Bungoma. Kiminini, Kamukuywa, Webuye, kila paa lina antena ama dishi, na zote zinatuletea Nairobi. Habari za saa moja ni Nairobi, za saa tatu ni Nairobi tena. Mkulima wa Trans Nzoia anajua foleni ya Thika Road kuliko bei ya gunia la kilo 90 la mahindi yake mwenyewe. Sisi tunatokea mafuriko yakija ama mwanasiasa akitukana mwenzake. Dakika mbili, kwisha.

Na tangu 2013 pesa za zahanati, chekechea na barabara za kaunti zinapangwa huku huku. Pesa zilishuka mashinani, kamera zikabaki Nairobi. Mwizi angetaka nini tena?

Sisemi tuzime Nairobi. Japani, leseni za TV za biashara hutolewa kwa eneo, kwa hivyo vipindi vya Tokyo hupitia stesheni za mikoani. Mkoa wa Miyazaki una stesheni mbili tu za biashara. Moja, UMK, ilianza 1970, na inachukua vipindi vya netiweki tatu za Tokyo. Lakini habari za Miyazaki inazitengeneza yenyewe.

Ujanja ni huo. Stesheni ndogo inapata drama na habari kubwa bila kuzigharimia, watu wanabaki hapo, inauza matangazo ya maduka na sacco za karibu, na hiyo pesa inalipa ripota wa kukaa bunge la kaunti siku nzima.

Ati hatuwezi? West FM inarusha matangazo kutoka Bungoma na watu wanaisikiza. Ila redio haiwezi kukuonyesha zahanati iliyoota nyasi. Ati mitambo ni ghali? Tangu tuhamie dijitali 2015, kusambaza mawimbi ni kazi moja, kutengeneza vipindi ni nyingine. Stesheni inalipia nafasi, si lazima ijijengee milingoti.

Kwa hivyo naomba kitu kimoja: anayetaka leseni ya kutufikia apitie stesheni ya huku, na atuachie saa moja yetu kila jioni. Saa moja tu, bana.

Leo saa tatu usiku, washa TV na uhesabu dakika za kaunti yako. Ukipata sifuri, jua kuna mtu anaifurahia hiyo sifuri. Mimi nitarudi ile ofisi. Natamani siku moja nijibu lile swali.