Pomboo wa Kizimkazi na ndovu wa Kitum

Mtoto wa shule aliyekulia Endebess, chini ya Mlima Elgon, anaweza kumchora pomboo bila kuwahi kuiona bahari: mgongo unaong'aa, maji yakiruka, mdomo uliopinda kama tabasamu. Tabasamu hilo ni umbo la taya tu. Hata pomboo anayekufa anakuwa nalo. Hata hivyo limemtafutia mapenzi ambayo ndovu wa pango la Kitum, jirani wa mtoto huyo, hajapata kwa mkulima wa mahindi.

Mapenzi hayo si ya tangu jadi hata huko pwani. Kizimkazi, kusini mwa Unguja, pomboo alichomwa kwa chusa hadi miaka ya 1990. Nyama yake ilikuwa chambo cha papa, na mafuta yake yalipakwa vyomboni kulinda mbao. Kisha watalii wakaanza kulipa ili wamwone, na wavuvi wale wale wakageuka manahodha wa kuwapeleka. Pomboo aliye hai alilipa kuliko chambo, basi chusa zikawekwa chini.

Fedha hizo zimekuja na balaa lake. Boti moja ikiona pezi, nyingine zinakuja mbio, injini zikinguruma, na wageni wanajitosa mbele ya kundi. Pomboo wanazama, wanaibuka mbali. Wageni wanapandishwa, boti zinageuza, wanajitosa tena. Watafiti waliowafuatilia pomboo hapo waligundua kwamba wakiandamwa na boti hupumzika kidogo, hula kidogo, na muda wao mwingi huishia safarini. Nao si wengi: makadirio ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yaliwaweka wa aina moja chini ya 200, na wa aina ya pili, wenye nundu, wakiwa 60 hivi. Hapo bado hujahesabu wanaonaswa na jarife.

Endebess ina nafasi ya kujifunza mapema kutokana na hayo.

Ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mlima Elgon, inayoingiwa kwa lango la Chorlim, ndovu huingia pangoni Kitum usiku, wakipapasa njia gizani kwa mkonga. Huchimba ukuta kwa pembe, wakabandua vipande vya mwamba na kuvitafuna kwa ajili ya chumvi. Mgeni anaweza kupitisha kidole kwenye mikwaruzo hiyo. Majangili wa miaka ya 1980 waliwapunguza sana ndovu hawa, na kila aliyebaki ni wa thamani kubwa.

Lakini mkulima anayekesha shambani akipiga madebe hawezi kuombwa ampende ndovu bure. Mvuvi wa Kizimkazi hakuombwa hivyo. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya 2013 inatambua fidia ya mazao yaliyoharibiwa. Ilipwe upesi, wakati mkulima bado anaweza kununua mbegu za msimu unaofuata. Sehemu ya ada za langoni nayo ifike vijiji vinavyopakana na hifadhi.

Na kabla wageni hawajafurika, Kitum iwekewe masharti ambayo Kizimkazi inahangaika kuyasimamia boti zikiwa tayari zimejaa: kikundi kidogo kwa zamu, mwongozaji awe mwenyeji wa Endebess, na ikifika jioni kila mtu awe ameondoka mlangoni mwa pango, ndovu wapite.