Bei Haisikiki Masikioni

Huku ng'ambo ya kisiwa cha Mombasa, Likoni, Kisauni na Changamwe, kuna imani iliyoota mizizi kwa vijana na hata kwa wazee wao: ukitaka sauti nzuri, toa pesa. Hedifoni ya bei ya juu ndiyo hedifoni, nyingine zote ni takataka. Kijana wa Mtongwe anadunduliza malipo ya vibarua, anavuka feri kwenda mjini, anarudi na boksi lenye jina kubwa. Maskani, wenzake wanaivaa mmoja baada ya mwingine, kila mmoja anatikisa kichwa besi inapomdunda, na hukumu inapita papo hapo. Hakuna anayeuliza kama maneno ya mwimbaji yanasikika. Hakuna anayeuliza ile ya zamani, iliyosukumwa chini ya kitanda, ilikuwa na ubovu gani hasa.

Nasema wazi kwamba imani hii ni ya uongo. Inawala vijana wetu pesa ambazo hawana, inawanyima kazi mafundi wetu, na inaharibu masikio ambayo yakishaharibika hayana spea.

Tuanze pale inapozaliwa, kwenye kibanda cha muuzaji. Simama sokoni Kongowea mchana uone biashara inavyokwenda. Muuzaji anachomoa hedifoni mbili, ya shilingi 1,000 na ya shilingi 6,000. Anakuvalisha ya kwanza, wimbo unapita kwa sauti ya wastani. Anakuvalisha ya pili, na kidole chake kinapandisha sauti hadi mwisho. "Bosi, sikia besi hiyo! Hii ni orijino." Nawe unasikia kweli, moyo unaruka, mkono unaingia mfukoni. Huyo muuzaji si lazima awe tapeli. Mara nyingi na yeye anaamini anachokisema. Lakini kilichobadilika hapo ni ukubwa wa sauti tu.

Jambo hili linajulikana tangu 1933, wakati Fletcher na Munson wa maabara za Bell huko Marekani walipopima jinsi sikio la binadamu linavyopokea sauti nene na sauti nyembamba. Sauti ikiwa ya chini, sikio halizisikii vizuri zile nene. Ukiipandisha, besi inajitokeza yenyewe, bila spika kuwa bora hata kidogo. Ndiyo maana kati ya hedifoni mbili, ile inayopiga kwa nguvu kidogo zaidi hushinda karibu kila mara. Tofauti ya desibeli moja au mbili inatosha, na mnunuzi haitambui kama ni nguvu, anaiona kuwa ni ubora. Ulinganisho ambao haukusawazisha sauti kwanza haujalinganisha kitu.

Mtego wa pili ni uzito. Watu wetu wakishika kitu kizito wanasema hiki ni imara. Mwaka 2015 mhandisi mmoja wa Marekani alifungua hedifoni zilizokuwa na jina la Beats, akakuta ndani vipande vya chuma ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kuongeza uzito. Habari ikaenea dunia nzima. Baadaye ikabainika kwamba hedifoni alizozifungua zilikuwa bandia. Fikiria hapo: mtu wa kazi hiyo hiyo, mwenye bisibisi mkononi na mizani mezani, alizifungua hadi skrubu ya mwisho bila kujua kwamba jina lililoandikwa juu si la kweli. Sasa wewe uliyesimama juani kando ya barabara ya Bombolulu utaijuaje orijino kwa kuipima kiganjani? Apple iliinunua kampuni ya Beats mwaka 2014 kwa dola bilioni 3, na jina lenye thamani ya namna hiyo lazima lighushiwe kila penye soko. Anayenunua kwa jina ndiye mteja ambaye mghushi anamtafuta.

Nitaambiwa kwamba hayo ni ya bandia, na ya halisi je? Jibu lipo. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha katika jarida la wanasayansi wa sauti wa Marekani vipimo vya hedifoni na eafoni 283, za bei ya chini kabisa hadi za bei ya kutisha. Alitafuta uhusiano kati ya bei na jinsi kila kifaa kinavyogawa sauti, kuanzia besi hadi sauti za juu. Hakuupata. Sisemi zote zinalingana. Kifaa cha bei mara nyingi hudumu zaidi, spika zake mbili hufanana, na vipuri vyake hupatikana. Hayo ni mambo ya kulipia. Ila ukidhani kwamba bei yenyewe itakuonyesha ipi inasikika vizuri, umepotea njia.

Sauti ya hedifoni inayofunika sikio inakaa wapi, basi? Sehemu kubwa inakaa mahali ambapo watu hawapaangalii, kwenye sponji. Spika iliyo ndani, ambayo kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 40 hivi, inasukuma hewa iliyofungiwa kati yake na ngoma ya sikio. Hewa hiyo ikiwa imefungiwa vizuri, besi inafika. Ikipata upenyo, hata mdogo, besi ndiyo ya kwanza kukimbia, na kinachobaki ni sauti kavu yenye makali. Mkono wa miwani unatosha kuleta upenyo huo. Mtandio unatosha pia. Dada anayevaa hedifoni juu ya mtandio anasikia wimbo tofauti kabisa na anaousikia kaka yake kwa hedifoni ile ile, kisha anaambiwa anunue ya bei zaidi. Angeipitisha ndani ya mtandio, au angetafuta sponji laini na nene zaidi, angemaliza neno.

Na pwani yetu ina shida yake. Ile ngozi inayofunika sponji nyingi ni plastiki, na plastiki ya aina hiyo huvunjwavunjwa na unyevu. Hewa ya Mombasa imejaa unyevu mwaka mzima, na jasho la matatu ya Likoni saa nane mchana linamalizia kazi. Baada ya muda ngozi inapasuka, inabanduka vipande vyeusi vinavyoganda shavuni, sponji inalala bapa. Hapo hewa inavuja kila upande, na spika inaligusa sikio. Mwenye nayo anasema hedifoni imekufa. Haijafa. Spika yake ni ile ile ya siku ya kwanza.

Nimemtazama fundi mmoja wa simu Mshomoroni akifanya kazi hii, na ningependa kila anayedharau mafundi wetu aione. Mzee huyo aliweka hedifoni ya mteja kwenye kitambaa, akavuta sponji iliyochoka ikatoka kwenye mfuo wake, zikaonekana skrubu nne ndogo. Akazifungua, akainua spika taratibu asikate zile nyaya mbili nyembamba kama unywele. Ndani ya bakuli la hedifoni hapakuwa na kitu, plastiki tupu. Akagonga kwa ukucha, likalia. "Mwanangu, kinachokupigia kelele ni hiki," akamwambia kijana. Akachambua pamba kidogo, akaitandaza nyuma ya spika bila kuishindilia, akabandika kipande cha utepe mzito wa lami, ule unaowekwa ndani ya milango ya magari, kwenye ukuta wa bakuli. Akayaacha wazi matundu madogo ya kupumulia, kwa sababu ukiyaziba ovyo besi inabadilika. Akafunga, akavisha sponji mpya. Kijana akavaa, akanyamaza, akaurudisha wimbo mwanzo.

Msidhani huu ni ujanja wa watu maskini. Dan Clark, Mmarekani ambaye leo kampuni yake inauza hedifoni za maelfu ya dola, alianza kwa kufungua Fostex T50RP, hedifoni ya Japani ya bei ya wastani, na kuirekebisha. Waliokuwa wakiirekebisha hiyo T50RP walitumia pamba, vitambaa vya sufu na udongo wa kufinyangia wa watoto. Na kwenye studio za London na New York, miaka ya themanini, spika za Yamaha NS-10 zilizotoka mwaka 1978 zilikuwa na sauti za juu kali mno, na wahandisi wakubwa wa muziki wakazitundikia karatasi ya chooni mbele ili kuzipoza. Albamu zinazosifiwa mpaka leo zilichanganywa hivyo. Anayemcheka fundi wa Mshomoroni kwa sababu ana pamba mezani hajui studio zilifanyaje kazi.

Karatasi laini inafanya kazi kwenye hedifoni pia. Kata duara jembamba, liweke mbele ya spika chini ya sponji, na ile "s" ya mwimbaji inayochoma sikio itapoa. Ikizidi kupoa, toa. Na kabla hujafungua skrubu yoyote kuna dawa ya bure iliyomo kwenye simu yako, ikwalaiza. Wengi wakiifungua wanakimbilia kupandisha besi mpaka mwisho, spika inaanza kukoroma. Fanya kinyume. Hedifoni nyingi za bei nafuu zimevimba kwenye hezi 200 hivi, mahali panapofanya kila kitu kisikike kama kimefunikwa blanketi. Punguza hapo desibeli tatu au nne, uone sauti ya mtu inavyotoka.

Nina angalizo moja. Hedifoni za kisasa zenye betri na mitambo ya kuzima kelele zisifunguliwe ovyo. Zimepimwa pamoja na matundu na maikrofoni zake za ndani, na ukibadilisha kitu hesabu yote inavurugika. Hizo zibadilishe sponji tu, na ziwe za umbo lile lile. Na zipo za bei rahisi ambazo spika ya kulia na ya kushoto hazifanani tangu kiwandani. Hizo pamba haiziponyi, achana nazo.

Sasa utapimaje? Achana na wimbo ambao kazi yake ni kudunda. Tuna muziki wetu unaoumbua hedifoni mbovu kwa dakika moja. Weka taarabu ya Zein l'Abdin: kila uzi wa udi usikike ukiguswa na ukifa, na sauti yake ikae mbele ya udi isizame. Weka Zuhura Swaleh, usikilize tashkota. Chombo hicho kina makali yake, lakini hakitakiwi kukukeketa. Weka ngoma ya Kidigo yenye kayamba: kwenye hedifoni nzuri unasikia punje zikimiminika, kwenye mbovu unasikia mvua juu ya bati. Na vumi, ambalo ni ngoma nene, liwe na mwanzo na mwisho. Kama kila pigo linaungana na linalofuata, hiyo si besi, ni uvimbe. Sawazisha ukubwa wa sauti kati ya hedifoni zote mbili, kisha mwenzako akuvalishe ukiwa umefumba macho, asikwambie ipi ni ipi. Maskani nyingi zitapata aibu siku hiyo.

Nililoliweka mwisho ndilo linaloniuma zaidi. Angalia vijana wa gereji za Changamwe na wa barabara ya Magongo, penye malori ya kontena usiku na mchana. Hedifoni ya sponji zilizolala haizuii kelele za nje. Kwa hiyo anapandisha sauti ishinde injini, tena anaipandisha zaidi kutafuta besi iliyovuja. Shirika la Afya Duniani linasema sauti ya desibeli 80 ni salama kwa saa 40 kwa wiki. Ikifika desibeli 90, saa zinashuka hadi nne. Saa nne kwa wiki nzima! Mtu anazimaliza Jumatatu kabla ya chakula cha mchana. Chembe za ndani ya sikio zikishakufa hazioti tena, na mlio wa "nzii" usiokoma hauna fundi. Sponji nzima zinazoziba vizuri zinampunguzia kijana huyo kelele za nje, zinamrudishia besi yake, naye anashusha sauti mwenyewe bila kuhubiriwa. Kwa hiyo sponji ya shilingi mia chache ni kinga ya sikio, na hedifoni ya shilingi 20,000 yenye sponji mbovu si kinga.

Kesho ukipita Kongowea na pesa yako, usianze kwa kuuliza bei. Uliza kama sponji zinatoka na kama jozi nyingine zinapatikana. Akikwambia hazitoki, rudisha pesa mfukoni, nenda nyumbani ukaitoe ile ya zamani chini ya kitanda, uipeleke kwa fundi wa mtaani kwako.