Mraba wa Madoa Darasani: Nani Atanunua Chombo cha Kazi?



Siku hizi katika baadhi ya shule mwalimu hubandika ukutani karatasi yenye mraba wa madoa meusi na meupe. Mtu akiielekezea kamera ya simu hutokea maandishi, au picha, au sauti ya somo. Jina lake ni msimbo wa QR. Wengine husema "kodi ya QR", na neno hilo masikioni mwa mfanyi kazi lina habari nyingine kabisa, ijapokuwa ni kweli watu wa kodi nao huuweka mraba huo juu ya risiti za duka. Sisi tutasema msimbo.

Wanachama wenye watoto Kisii na Nyamira wametuuliza kama jambo hili ni faida, au ni njia mpya ya kumtoa mzazi fedha.

Kwanza yafaa tujue kwamba chombo hiki kilizaliwa kiwandani. Mwaka 1994 kilitengenezwa huko Japani na Bwana Masahiro Hara na wenzake wa Denso, kampuni ya vipuri vya magari. Zamani walitumia vibandiko vya mistari, kila kimoja kikibeba herufi kama 20 tu, basi mfanyi kazi alisoma vibandiko vingi juu ya sanduku moja, mchana kutwa. Msimbo mmoja waweza kubeba tarakimu hadi 7,089, na ukitengenezwa kwa nguvu zaidi husomeka hata karibu asilimia 30 yake ikiwa imechafuka. Tena kampuni ile haikutoza ada kwa matumizi yake. Kwa hiyo mtu akija shuleni kuuza msimbo wenyewe, aulizwe vizuri anauza nini.

Gharama iko kwingine. Misimbo mingi ni anwani tu, na somo lenyewe liko kwenye intaneti. Hapo wataka simu, wataka bando, wataka umeme. Mtoto wa Nyamache au wa Borabu haruhusiwi kwenda na simu shuleni. Nyumbani simu huenda ikawa moja, ya mama, na baba yuko kazini Nairobi au Mombasa, maana reli ilifika Kisumu mwaka 1901 na haikupanda mpaka Kisii, na sisi wa huko tuliifuata ilipo. Mwalimu akisema "kasomeni nyumbani", mtoto wa mwenye bando atasoma, na mtoto wa mchuma chai atangoja mama arudi shambani, kisha atakuta simu haina moto. Kesho yake wote wawili watatahiniwa sawasawa. Jambo hilo hatulikubali.

Lakini hatusemi msimbo utupwe, la hasha. Ziko njia mbili zisizomuumiza mzazi. Maandishi mafupi, kama majibu ya hesabu au maana za maneno, yaweza kutiwa ndani ya msimbo wenyewe, na simu ikasoma bila bando lolote. Njia ya pili ni ya kadi za karatasi, kama zile za programu iitwayo Plickers. Kila mtoto hushika kadi yake na kuigeuza upande wa jibu analoliona sahihi, na mwalimu husoma darasa zima kwa simu moja. Mtoto mwoga asiyenyosha mkono naye huonekana. Na watoto wa madarasa ya chini, ambao mtaala unataka wafundishwe kwa lugha yao, waweza kusikilizishwa hadithi za Ekegusii kutoka simu hiyo hiyo moja.

Simu ya nani basi? Hapa ndipo twasema kama chama. Sisi wa reli hatutumwi njiani kukaza nati kwa spana tulizonunua wenyewe. Mwalimu naye asilazimishwe kutumia simu yake na bando lake, hasa wale walimu vibarua wa sekondari msingi, waliokuwa wakipata posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi na ambao mwaka 2024 waliacha kazi wakidai ajira ya kudumu. Tangu mwaka 2016 serikali imepeleka katika shule za msingi vishikwambi zaidi ya milioni moja. Vingi vimefungiwa kabatini, vingine vimekufa betri. Vitolewe, vitengenezwe, vitumike kabla ya mzazi kuombwa hata senti.

Na mkuu wa shule ahakikishe karatasi zote za msimbo zatoka kwa mwalimu anayejulikana. Wezi wa simu hubandika zao juu ya zile halali.

Kila mwanachama mwenye mtoto huko aulize katika mkutano wa wazazi: somo hili lasomeka bila intaneti? Shule ina vishikwambi vingapi vinavyofanya kazi, na ufunguo wa kabati anao nani? Ambaye hawezi kusafiri amtume mkewe au ndugu yake. Majibu yaletwe kwa katibu wa tawi kwa maandishi, pamoja na jina la shule.