Siku za Majaribio Zisiguswe

Haya jamani, leo tuzungumzie miradi yetu. Vitabuni hatua ni tano: kuanzisha, kupanga, kutekeleza, kufuatilia na kufunga. Wengi wetu tunazijua kwa kichwa. Lakini kazi ikichelewa na tarehe ya kukabidhi haisogei, siku za kwanza kukatwa ni za majaribio.

Kumbukeni uchaguzi wetu wa Machi 4, 2013. Katika vituo vingi mitambo ya kuwatambua wapiga kura ilizimika betri zilipokwisha, na vituo vingine vilikuwa madarasa yasiyo na umeme. Makarani wakarudi kwenye daftari la karatasi. Hitilafu kama hiyo haigunduliwi ofisini Nairobi penye soketi ukutani. Inagunduliwa kwa kuwasha mtambo kutwa nzima katika darasa la kijijini.

Maoni yangu ni haya: siku za majaribio ziandikwe kwenye mkataba, zikiwa na tarehe na bei yake. Kazi ikichelewa, punguza ripoti moja au mbili kwanza. Ripoti itaongezwa baadaye. Imani ya mteja ikipotea siku ya kwanza, hairudi. Nyinyi mwaonaje?