Mkono Haukufa



Mwenzetu akipatwa na kiharusi, mkono mmoja ukalegea, maneno huwa yale yale: "Mkono umekufa, huyu kazi basi." Sisi tunayakataa maneno hayo.

Kiharusi hakiui mkono. Kinaumiza ubongo, damu inapoganda na kuziba mshipa, au mshipa unapopasuka. Mkono wenyewe upo, ila amri haiufikii. Na ubongo waweza kufundishwa upya, kama mwanafunzi anavyofundishwa kazi karakana: jambo moja, mara mamia, kila siku. Kushika kikombe, kufunga kifungo, kuzungusha ufunguo. Mgonjwa akifanya yote kwa mkono mzima, ule dhaifu huzidi kusahau.

Huko Marekani madaktari waliwapima wagonjwa 222, walioshikwa na kiharusi miezi 3 hadi 9 nyuma, ambao mkono wao bado ulisogea kidogo. Wengine walivalishwa glavu mkono mzima, ili ule dhaifu ulazimike kufanya kazi. Walifanya mazoezi majuma 2, mpaka saa 6 kwa siku. Habari ilitangazwa mwaka 2006: hao walipata nafuu kuliko wenzao, na baada ya mwaka mmoja nafuu ilikuwa ipo bado.

Sasa tazameni sheria yetu. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 yasema mfanyakazi aliyetumika miezi 2 mfululizo apewe likizo ya ugonjwa isiyopungua siku 7 kwa mshahara kamili na siku 7 kwa nusu mshahara, kila mwaka. Siku 14! Mtu aweza kuzimaliza kabla hajatoka kitandani. Lakini someni vizuri: sheria imesema "isiyopungua", haikusema "isiyozidi". Zilizobaki ni za kudaiwa mezani.

Mabwana watasema ni hasara. Injini ikiharibika hupelekwa karakana, wala hakuna anayeuliza hasara. Je, mtu aliyeiendesha miaka 20 atupwe kama chuma chakavu?

Basi katika mapatano yajayo tudai haya:

1. Miezi ya kupona yenye mshahara, si siku.
2. Gharama ya mtaalamu wa mazoezi ya viungo ilipwe na mwajiri.
3. Kazi nyepesi kwa anayerudi, wala asifukuzwe.

Nasi tuwatembelee wenzetu wagonjwa. Tusiwalishe kama watoto. Tuwape kikombe wakishike wenyewe.

Umoja ni nguvu.